Doa la maziwa: sabuni ya kununua kwanza na ya kuacha dukani

Mtoto akicheua begani mwako mkielekea kanisani, au kibuyu cha mursik, yale maziwa yaliyochachushwa, kikimwagikia kitambaa cha kochi, dawa ya kwanza hainunuliwi: ni maji baridi. Maziwa yana protini, mafuta na sukari, na maji ya moto huigandisha ile protini kwenye nyuzi. Suuza kwa upande wa nyuma wa kitambaa, doa litokee lilikoingilia. Hapo ndipo uende dukani.

Namba moja kwangu ni sabuni ya unga yenye vimeng'enya. Hapa Kisumu, kuanzia Kibuye hadi supamaketi za mjini, sabuni za unga hupangwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, na sivyo. Geuza pakiti usome maandishi madogo. Ukiona protease, hicho ndicho kimeng'enya kinachovunja protini. Lipase huvunja mafuta. Loweka katika maji ya uvuguvugu kwa nusu saa hadi saa nzima, na doa lililokauka liongezee muda. Pakiti ndogo inatosha. Ile ya kupimiwa bila maandishi siinunui kwa kazi hii, maana sijui kilichomo. Lakini tafadhali, usiloweke sufu wala hariri: nyuzi zake zenyewe ni protini, nazo zitaliwa. Sweta nyingi za shule ni akriliki, hazina shida. Soma lebo kwanza.

Ya pili ni sabuni ya kipande, kama Menengai inayotengenezwa Nakuru. Kwa nepi na leso zenye doa bichi, ipake na ufikiche, pesa zako zitabaki mfukoni. Na kwa mursik naipandisha juu kabisa. Ule weusi si maziwa, ni mkaa uliosuguliwa ndani ya kibuyu, na kimeng'enya hakina la kufanya na mkaa. Unataka povu na mikono. Ukitumia maji ya kisima yenye chumvi, suuza zaidi, la sivyo sabuni huacha utando mweupe.

Kochi lisilofuliwa lipe povu la sabuni ya maji ya vyombo, kwa kitambaa, bila kulowesha sponji. Maziwa yakishazama humo, harufu ya uchachu haitoki upesi.

Unga wa madoa wa oksijeni, kama Vanish, ni ghali zaidi. Ninaununua kwa nguo za mtoto zilizowekwa sandukuni zikageuka manjano, na si kwa kingine.

Ya mwisho, ya kuacha dukani, ni klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Niliitumia kwenye gauni jeupe la ubatizo la binti yangu; doa likazidi umanjano na kitambaa kikalegea. Usiichanganye kamwe na siki, hutoa gesi ya sumu.

Chochote utakachonunua, usipige pasi kabla hujaliangalia doa kwenye mwanga wa jua, nguo ikiwa bado mbichi.