Pampu ya maji ya volti 12: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mtu akiniuliza anunue pampu gani ya kufunga kwenye sola, namuuliza maji yake yako kina gani. Wengi hunijibu kwa kunitumia picha ya boksi. Boksi limeandikwa "lita 70 kwa dakika, mita 5", naye anaamini atapata vyote kwa mpigo. Hapati. Lita hizo ni pampu ikimwaga pale pale ilipo, bila kuyapandisha maji popote. Mita hizo ni pale maji yanapofika juu na kugoma, hata tone halitoki. Wewe utakuwa katikati, na boksi halikuambii katikati kuna nini.

Kwa nyumba nyingi zisizo na umeme wa gridi, namba moja ni pampu ya diaframu (utando wa mpira ndio unaosukuma maji) yenye swichi ya presha, ile inayofungwa kwenye boti na magari ya kulala. Ya kawaida hutoa lita kama 11 kwa dakika na hula ampea 5 hadi 8. Inavuta maji yenyewe kutoka mita 2 hivi chini yake, na swichi yake ikikata kwenye psi 35, yaani kipimo cha presha, ujue hiyo ni nguvu ya kupandisha maji mita 24. Ukifunga koki inajizima, ukifungua inawaka. Weka simtanki chini, pampu pembeni, bomba liingie bafuni na jikoni, basi, umemalizana na kubeba ndoo.

Kasoro yake ni kelele. Ukifungua koki kidogo inawaka na kuzima, tra-tra-tra, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Hiyo ni tabia yake, haijaharibika. Kasoro ya pili ni uchafu. Yangu iliwahi kunguruma asubuhi nzima bila kusukuma maji. Nilifungua skrubu za kichwa nikakuta kipande cha jani, hakifiki ukubwa wa ukucha, kimekaa kwenye valvu. Chujio nilikuwa nimeliacha ndani ya boksi.

Wanaohofia betri wasihofu sana. Kupandisha lita 1,000 mita 10 kunahitaji wati-saa 27 tu kwa hesabu ya fizikia. Pampu ndogo hupoteza nyingi njiani, kwa hiyo weka 100. Paneli ya wati 100 inazipata kwa saa moja na nusu ya jua kali.

Namba mbili ni pampu ya kuzama ya chuma kisichoshika kutu. Maji yako yakiwa kwenye kina kinachozidi mita 7, hii inapanda kuwa namba moja bila mjadala, kwa sababu hakuna pampu iliyokaa juu ya kisima itakayoyavuta. Dar es Salaam mwisho wa kuvuta ni mita 10 kwenye karatasi, 7 kwa vitendo. Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari ambako hewa ni nyepesi, hata kwenye karatasi huvuki 8 na nusu. Kisima kikizidi mita 20, tafuta ya volti 24. Iteremshe kwa kamba ya nailoni, usiininginize kwa waya wake. Kina cha maji kisimani pima mwishoni mwa kiangazi, kabla ya vuli. Ukipima Mei utadanganyika, na siku maji yatakaposhuka pampu itazunguka kavu na kuungua.

Namba tatu ni ile ya kutolea maji kwenye boti. Ni rahisi na ina lita nyingi, ila ukiipandishia maji mita 3 inaanza kulia njaa. Nzuri kwa kuhamisha maji kutoka pipa hadi pipa, au kujaza birika la mbuzi.

Vipampu vya chemchemi vya wati 5 viache viremeshe bustani.

Kuna pia pampu ya bomba la betri la kupulizia dawa, inayopatikana maduka ya pembejeo. Nayo ni ya diaframu, na ikiwa mpya inakufaa siku ya dharura. Iliyokwisha kupitisha dawa ya wadudu usiiguse kwa maji ya kunywa wala kupikia, hata uioshe mara kumi.

Halafu kuna waya, na hapa ndipo pampu nzima husingiziwa ubovu. Betri ikiwa mita 20 kutoka kisimani, pampu ikala ampea 10, waya wa milimita za mraba moja na nusu unameza volti 4.6 njiani, pampu inabaki na saba na kitu. Wa mbili na nusu unameza 2.8. Wa sita unameza kama 1.2, na huo ndio wa kununua, pamoja na fyuzi karibu na betri. Mimi niliwahi kurudisha pampu dukani kwa hasira. Muuzaji akaifunga kwenye betri yake kwa waya mfupi, maji yakaruka hadi kwenye kaunta.

Usiifunge moja kwa moja kwenye paneli pia, isipokuwa imeandikwa inaruhusu. Paneli ya "volti 12" ikiwa kazini hutoa kama 18. Ipitishie kwenye kontrola ya chaji na betri.

Ukiwa dukani omba ndoo ya maji, betri, na koki mwishoni mwa mpira. Funga koki: diaframu nzuri inanyamaza mara moja na kubaki kimya. Ikianza kujiwasha yenyewe kila baada ya sekunde chache na hakuna kiungo kinachovuja, omba nyingine.