Viatu vya kupimiwa Kariokor: uzoefu wa mtu mwenye mguu mpana

Nianze na mguu wenyewe, maana bila huo hutaelewa kwa nini nimelipa shilingi 4,800 kwa kiatu kisicho na jina wala boksi. Wayo wangu wa kushoto una sentimita 26, wa kulia 25 na nusu. Kwa urefu mimi ni mtu wa 41, basi. Shida ni upana. Kuelekea vidoleni mguu umetanuka kama sahani, na kwenye kidole gumba cha kushoto kuna kinundu, ule mfupa unaochomoza pembeni huku kidole kikiwaegemea wenzake. Mama anacho, nyanya alikuwa nacho. Urithi wa shamba sikupata, nikapata huu.

Miaka mingi nimekuwa nikiingia madukani na kujitaja kuwa 43. Huo ndio uliokuwa ujinga wangu. Saizi za Ulaya hupishana kwa theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo ukiruka kutoka 41 hadi 43 unaongeza urefu wa zaidi ya sentimita moja, ila upana unaongezeka kiduchu tu. Kinundu kinabaki kimebanwa vilevile, na huku nyuma kisigino kinaogelea. Siku moja nilishuka matatu pale Muthurwa, kiatu kikanivuka na kubaki ndani. Gari lilikuwa limeshaanza kusonga kondakta aliponirushia. "Mathe, umesahau mguu!" Abiria walicheka hadi wakageuka vichwa kunitazama kupitia kioo cha nyuma.

Maduka ya katikati ya jiji la Nairobi sitayasemea sana. Nimeyazunguka kuanzia Moi Avenue hadi Tom Mboya na hadithi ni ileile. Muuzaji anatazama miguu, anatazama uso, anakwenda stoo, anarudi na jozi moja iliyolala kwenye rafu tangu sijui lini. Ukilalamika kuwa inabana anakuambia, "Hizi zitatanuka ukizivaa." Zitatanuka, ndiyo, zikishanitoa malengelenge. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kunipima. Wanauliza namba tu, utadhani mguu una urefu bila ubavu.

Kilichonisukuma mwaka huu ni harusi ya binamu yangu. Kamati iliamua wasimamizi wa kike wote wavae viatu vya rangi ya fedha. Wenzangu wanne walimaliza kununua kwa alasiri moja. Mimi nikaona duka moja la mtandaoni limetangaza viatu "vya miguu mipana, hadi 44". Nikalipa 2,700 na 300 za kuletewa. Mwendesha bodaboda alifika langoni, akaniambia, "Madam, nimeambiwa nikupe dakika tano ujaribu." Basi nikajaribu pale pale, nimeegemea ukuta, askari wa lango akiwa mtazamaji. Vilikuwa virefu kama mitumbwi na mbele vimechongoka. Upana haukuwapo. Vidole viliingia viwili, vitatu vikabaki kujadiliana. Nilimrudishia mzigo, duka likaniahidi kunipigia simu kuhusu pesa zangu. Bado nasubiri hiyo simu.

Nikaenda Gikomba, soko la mitumba. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili niwahi kamera, wakati bale zinapofunguliwa na viatu bora kuchaguliwa kabla ya umati. Sikupata cha harusi, lakini nilipata elimu. Kijana mmoja aliyekuwa akisugua raba kwa mswaki na sabuni alinitazama mguu akasema, "Auntie, wewe tafuta za wanaume." Nilitaka kukasirika. Akageuza kiatu kimoja cha Marekani na kunionyesha herufi ndani, karibu na namba. Kule, upana huandikwa kwa herufi. Mwanamke wa kawaida ni B, akiwa mpana ni D. Mwanamume wa kawaida ni D. Kwa maneno mengine, kiatu cha kawaida cha baba ni kiatu kipana cha mama. Miaka yote hiyo hakuna muuzaji wa dukani aliyewahi kuniambia!

Ukiwa na mguu kama wangu na unapenda mitumba, basi kagua ulimi wa kiatu kabla ya kubishana bei. Tafuta W, D, au EE. Na usichanganye namba: 9 ya mwanamke ya Marekani ni karibu na 7 ya Uingereza, na viatu vya nchi zote mbili hulala kwenye lundo moja. Niliondoka na viatu vyeusi vya ngozi vya kiume kwa 1,200, ambavyo navaa kazini hadi leo. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kidato cha Tatu wameshanibatiza Inspekta.

Lakini Inspekta hawezi kusimamia harusi. Ndipo nikaenda soko la Kariokor. (Jina hilo lilitokana na Carrier Corps, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila nikipita huwa nawaza miguu yao ilikuwaje.) Soko linajulikana kwa nyama choma na vyondo, ila ingia upande wa mafundi wa ngozi, harufu ya gundi itakuongoza. Wengi hutengeneza ndala na akala kwa saizi za kawaida. Nilipouliza nani hupima mguu, nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyekaa kwenye kigoda, kisu cha kukatia ngozi mkononi.

"Vua zote mbili," akasema. "Na soksi." Akatazama. Hakucheka wala hakunihurumia. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia. "Basi mwalimu, saa hizi ni saa nne. Miguu yako bado imelala. Nenda ukale nyama, urudi saa kumi." Nilidhani ananikwepa. Niliporudi alinieleza kwamba mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kilichopimwa asubuhi humbana mwenyewe jioni.

Alinisimamisha juu ya kipande cha katoni, uzito wangu wote chini, akachora kila wayo kwa penseli aliyoishika wima kabisa. Kisha futi ya kushonea ikazunguka penye vidole, penye mgongo wa mguu na penye kisigino. Vipimo vya kushoto na vya kulia aliviandika mbalimbali. Baada ya hapo akatoa makalibu ya 41, ile mifano ya mguu ambayo kiatu hushonwa juu yake, akachukua la kushoto na kuanza kuligundisha vipande vyembamba vya ngozi upande wa kidole gumba, kimoja juu ya kingine, akichonga kingo kwa kisu. Anapapasa kinundu changu kwa dole gumba, anapapasa kalibu, anarudi kwenye mguu, kama mtu anayechagua parachichi. Safu ya tatu alipoiweka akasema, "Sasa huyu ni wewe." Kiatu kikishonwa juu ya kalibu lile, nafasi ya mfupa inakuwa imeshaumbwa tangu mwanzo, badala ya mfupa kuitafuta kwa nguvu.

Sasa lawama, maana zipo. Nilitoa arubuni ya 2,400 kwa M-Pesa, akasema niende Alhamisi. Alhamisi ngozi ilikuwa haijakatwa. Iliyofuata, stima zilikuwa zimepotea na mashine ya kushonea imelala. Mara ya tatu nilikuta kigoda kitupu, jirani akanijulisha kuwa mzee ameenda mashambani kwa mazishi. Nilivipata siku ya 19, harusi ikiwa imebaki siku mbili, nimeshapoteza usingizi na nauli. Rangi niliyoagiza ilikuwa fedha, ikaja ya sufuria kuukuu. Harufu ya gundi ilikaa wiki mbili nzima, nikawa naviweka nje usiku. Na soli ya ngozi inateleza vibaya kwenye vigae. Kanisani nilitembea kama niko juu ya maganda ya ndizi. Baadaye niliongezewa raba chini kwa shilingi 300, jambo ambalo angepaswa kulipendekeza mwenyewe.

Hata hivyo, kiatu kilinikaa. Kisigino kimeshikwa, vidole vyote vitano vimelala sambamba, kinundu kiko kwenye chumba chake. Sikuwa nimewahi kujua kwamba mtu anaweza kuvaa kiatu na kukisahau. Ilipofika saa kumi na moja wenzangu walikuwa wanacheza pekupeku, viatu vyao vya fedha vimepangwa chini ya meza. Mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa amenung'unikia rangi, alinijia kimyakimya kuniomba namba ya fundi.

Nikitoa alama, kipimo na ukaaji nampa 9 kwa 10, muda nampa 3 na hapo nimemwonea huruma. Bei ni nafuu ukikumbuka jozi ambazo umezigawia mashemeji baada ya kuvaa mara moja. Ukienda, nenda jioni, lipa nusu tu kwanza, sisitiza upimwe umesimama, na uagize soli ya raba tangu mwanzo. Kama kinundu kinauma hata ukiwa umelala, au una kisukari na miguu imeanza kufa ganzi, anzia kwa daktari, kwa sababu mguu usiohisi hautakuambia kiatu kinapokuchubua. Kuna hospitali zenye mafundi wa viatu vya tiba.

Makalibu yangu mzee ameyahifadhi kwenye gunia, yamefungwa pamoja kwa kamba na kuandikwa "Mwalimu". Wiki iliyopita nimeagiza jozi ya pili, nyeusi, za kazini, ili Inspekta astaafu. Ameniambia nichukue Alhamisi. Kwenye kalenda nimeweka alama Alhamisi ya tatu.