Kisanduku cha miale ya UV cha kusafishia miswaki: uzoefu wangu

Nilikinunua kwa ajili ya mama, ambaye kinga yake ya mwili imeshuka kwa sababu ya matibabu. Ni kisanduku cha kubandika ukutani bafuni, kina nafasi ya miswaki minne, na kinachajiwa kwa waya kama simu. Ukifunga mlango, taa ya UV-C, yaani aina ya miale ya urujuanimno inayoua vijidudu, inawaka dakika chache kisha inajizima. Ukiufungua katikati inazimika papo hapo, jambo nililolikagua kabla ya yote, maana miale hiyo hudhuru macho na ngozi. Kisicho na swichi ya namna hiyo usikiingize kwenye nyumba yenye watoto.

Vijidudu kinaua, ila si vyote. UV-C huharibu vinasaba vya bakteria na virusi visiweze kuzaliana, lakini kazi hiyo hufanyika pale tu mwanga unapofika. Nyuzi za mswaki zimesongamana: za mbele huzikinga za nyuma, na kule shinani, ambako dawa ya meno hugandia, kunabaki giza. Kwa hiyo ile asilimia 99.9 iliyoandikwa kwenye boksi siichukulii kuwa inahusu kila uzi.

Kinachoniudhi hasa ni unyevu. Mlango ukifungwa hewa haipiti, na mswaki uliotoka kutumika unalala na majimaji yake. Chini yanatuama, usipofuta panakuwa na utelezi na harufu. Vijidudu hustawi zaidi kwenye unyevu kuliko kwenye ukavu, ndiyo maana Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani hushauri mswaki usuuzwe kwa maji ya bomba, usimamishwe wima na uachwe wazi ukauke, wala usiwe unafunikwa kila mara.

Basi nyumbani tunausuuza huku tukipekua nyuzi kwa kidole gumba mpaka povu liishe, tunaukung'uta, tunausimamisha kwenye kikombe, vichwa visigusane. Ukishakauka ndipo wa mama unaingia kisandukuni, taa ikizima unatolewa. Na mswaki wenyewe haukai zaidi ya miezi 3 au 4. Nyuzi zikitawanyika mapema, unatupwa mapema. Hakuna taa inayofufua mswaki uliochakaa.

Kama kinga yako iko sawa, sikushauri ukinunue. Kikombe kilicho wazi, mbali na choo, pamoja na kufunika choo kabla ya kuvuta maji, kinakutosha. Kwa mama nitaendelea nacho, kwa sababu kwake hata upungufu mdogo wa vijidudu naona una maana, na daktari wake hakuona ubaya.

Nakipa nyota 3 kati ya 5. Wakiweka matundu ya hewa yasiyovujisha mwanga, na trei ya chini inayochomoka ili ioshwe, nitaongeza ya nne.