Hoteli ya mabasi Iringa: suka anakula bure, bili unalipa wewe

Anayesafiri kati ya Mbeya na Dar anaijua hoteli hii hata nisipoitaja. Iko kando ya barabara kuu upande wa Iringa, ina uwanja mpana wa kokoto, koki za kunawia zimepangwa nje, na spika inayoimba kwaya kutwa nzima. Jina naliacha kwa makusudi, maana ziko kadhaa zinazoendeshwa vilevile na mengi ya haya yanazihusu zote. Mimi nauza vitenge Mwanjelwa, Kariakoo nafuata mzigo, na uongozi wa biashara nilisoma masomo ya jioni kampasi ya Mzumbe hapa Mbeya. Ndiyo maana nikikaa kula macho yangu hayatulii kwenye sahani.

Chakula kwanza, kwa sababu ndicho kilichonitoa hela. Wali kuku shilingi 8,000: wali mzuri, ni mchele wa Mbarali na unaujua kwa harufu, ila kuku ni shingo na kipapatio vimezamishwa kwenye mchuzi mwingi ili visionekane. Chipsi usiziguse. Zinakaangwa asubuhi, basi likiingia getini zinarudishwa kwenye mafuta, zinakuja zimekauka nje na baridi ndani. Afadhali ugali na perege wa Mtera, kwa kuwa samaki huyo hata waharakishe vipi ni mtamu. Vyoo visafi, vya bure, maji yapo. Hapo nawapa maksi zote.

Sasa dirishani kwa keshia. Unalipa kwanza, unapewa kuponi, ya kijani nyama, ya njano kuku. Ukitoa noti ya 10,000 anakuambia, "Mama, chenji utapitia ukimaliza," halafu anaandika 2,000 nyuma ya kuponi kwa kalamu nyekundu. Unashukuru, unakwenda kwenye foleni, na mpakuaji anakupokonya kuponi ndipo akupe sahani. Umeona? Ushahidi wa deni lako umebaki jikoni, na konda ameshaanza: "Dakika kumi tu wapendwa, kula na kuchimba dawa!" Unarudi dirishani mikono mitupu, honi inalia, mbele yako watu kumi na wote wanadai chenji. Wengi wanasamehe. Lipa Namba imebandikwa ukutani pale pale, lakini ukiulizia unaambiwa mtandao unasumbua. Mtandao huo huo nje ya geti unapiga simu za video.

Watu husema huu ni uzembe. Mimi sikubaliani. Nenda katazame chumba kilichoko nyuma ya kaunta, chenye pazia la bluu. Humo wanakula suka, yaani dereva, na konda, na hawalipi. Wanapelekewa nusu kuku aliyechomwa, kachumbari mbichi, pilipili ya kusaga, soda baridi, na akina konda hutoka wamefungiwa na cha njiani. Mpishi ni yule yule, jiko ni lile lile. Kwa hiyo kupika wanajua, tena vizuri sana. Wameamua tu wampikie nani.

Na hesabu yao, ukiifanya kwa utulivu, inakubali. Anayechagua hoteli si abiria. Watu hamsini na kitu wanashuka pale anaposimamisha mtu mmoja. Ukitumia shilingi elfu tano kumfurahisha abiria, umempata abiria mmoja ambaye pengine atapita tena mwakani. Ukiitumia kwa suka, umepata basi zima kesho, na keshokutwa likigeuza. Meneja yeyote aliyekaa na daftari la mauzo angefanya hivyo hivyo.

Vodacom walipoleta M-Pesa nchini mwaka 2008 walikuwa na kazi ya namna hiyo hiyo: mteja hana haja na huduma kama hakuna wakala karibu, na wakala hafungui kibanda kama hakuna wateja. Wakamlipa wakala kamisheni ukiweka na ukitoa, wakamwachia mteja aweke bure, makato wakayahamishia kwenye kutoa. Upande mmoja unabembelezwa, mwingine unagharimia. Lakini pale mteja ana dawa yake: akikerwa ananunua laini ya mtandao mwingine kabla hajavuka barabara. Kampuni inamlipa wakala na bado inamwogopa mteja. Hoteli yetu haimwogopi abiria hata kidogo, maana atakwenda wapi? Basi halimsubiri akatafute pengine.

Kama unataka kuona tofauti, shuka Makambako, pale njia panda ya Songea, ule wanakokula madereva wa malori ya Zambia na Kongo. Dereva wa lori anakula kwa posho yake, hana abiria wa kumtoza, na akipewa nyama ngumu kesho anaegesha kwa jirani. Mama lishe wa pale anakuuliza mchuzi mzito au mwepesi. Bei iko chini na chenji unapewa mkononi.

Uamuzi ambao meneja wa hoteli yetu ameuharibu kabisa ni uzio. Zamani akina mama wa Ilula na vijiji vya jirani walikuwa wanaingia uwanjani na beseni za mahindi ya kuchoma, ndizi, nyanya na vitunguu. Akajenga ukuta, akaweka mlinzi, akidhani hela ya mahindi itahamia dirishani. Haikuhamia. Mtu mwenye shilingi elfu moja hakuwa mteja wa wali kuku hata siku moja, na sasa hashuki kabisa, anabaki kwenye siti na biskuti zilizogawiwa na kampuni ya basi. Wale wenye uwezo nao walikuwa wanashuka kwa ajili ya nyanya za kupeleka nyumbani, wakiwa chini wanasikia njaa. Kaka meneja, naye ni mtu muungwana, nilimwuliza kwa nini asiwape wale mama meza kwa ushuru mdogo. Akanijibu, "Mama, wachafu." Kumbuka kokoto za uwanja wake zimejaa chupa za maji anayouza mwenyewe.

Lakini kuna jambo amelipatia na sijaona mtu akimsifu. Marufuku ya mabasi kusafiri usiku ilikaa tangu miaka ya tisini. Kwa miaka yote hiyo mabasi ya Mbeya yalitoka alfajiri, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa yote yalijikuta Iringa mchana mmoja. Jiko la hoteli hii lilijengwa kwa ajili ya masaa yale mawili ya vurugu: masufuria makubwa, wapakuaji wengi, vyakula vinavyovumilia kukaa. Mwaka 2023 safari za usiku zikaruhusiwa, wateja wakatawanyika. Jirani zake wakaendelea kupakua usiku wali wa mchana uliopashwa moto. Yeye akafunga dirisha kubwa, akabakiza wafanyakazi wachache na vitu vitatu: supu ya ng'ombe, chapati na chai ya tangawizi.

Ile supu ni kitu kingine. Mifupa imechemka tangu jioni, mafuta yameondolewa juu, kuna ndimu na pilipili ndogo nzima inaelea. Kwa baridi ya Iringa ya mwezi wa saba, saa saba usiku, utashika bakuli kwa mikono miwili kabla hujala. Shilingi 3,000, unalipa taslimu, na keshia wa usiku ni kijana mwenye droo iliyojaa sarafu. Usiku suka anasimama dakika chache na anataka kitu cha moto cha kumfungua macho, basi naye anapewa supu hiyo hiyo, meza hiyo hiyo, pembeni yako. Sioni sababu nyingine ya wema wa bakuli lile.

Nyota: mchana mbili, usiku nne na nusu. Ukipita mchana toa hela kamili, agiza perege, na kuponi yako ipige picha kabla ya foleni. Ukipita usiku mwambie kijana akupe chapati ya kwenye kikaango, zile za kwenye hotipoti zimeloa jasho.