Tuisheni ya Kireno kwa bibi wa Chikongola, Mtwara

Mimi ni fundi friji, Mmakua wa Masasi. Nilipopata kazi Nampula, Msumbiji, lugha sikuiwazia kabisa, maana kule nako ni kwa Wamakua. Kaka yangu aliyenitangulia akanionya: sokoni mtaelewana, kazini ni Kireno kitupu. Ndipo nikaelekezwa kwa bibi mmoja wa Chikongola anayefundisha barazani kwake baada ya alasiri. Elfu tatu kwa kipindi, nikasoma wiki sita.

Kilichonifaa kuliko vyote ni somo la saa. Siku hiyo aliitungua saa ya ukutani, akaipakata, akawa anazungusha mishale kwa kidole na kutuuliza mmoja mmoja. “Mjukuu wangu, bosi akikwambia njoo kesho oito, usije ukaenda saa nane. Ni saa mbili asubuhi.” Kireno kinahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunaanzia jua likichomoza. Tulipoanza kuzoea, akarudisha mshale nyuma saa nzima, kwa kuwa Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja, akaanza kutuuliza upya. Wiki yangu ya kwanza kazini sikuchelewa hata siku moja.

Na maneno yake ni ya Msumbiji yenyewe. Programu ya kwenye simu ilinifundisha kuwa friji ni frigorífico. Bibi akasema hapana, kule ni geleira, na kweli, kila mteja anayenipigia anataja geleira yake haigandishi. Chai ya asubuhi ni matabicho, daladala ni chapa. Ukitaka kitu unatanguliza “estou a pedir”, naomba, kama mtu aliyelelewa. Hilo la mwisho limenifungulia milango mingi.

Upungufu upo, nao uliniumiza. Hafundishi kuandika wala kusoma, ni mdomo tu. Nilipokwenda kushughulikia DIRE, kitambulisho cha mgeni mkaazi, nilipewa fomu nikakwama palipoandikwa estado civil, yaani hali ya ndoa. Habari za mke wangu na wanangu naweza kuzisimulia kwa Kireno, ila maandishi yale sikuyatambua. Ilibidi nimwombe aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni.

Hata hivyo nampa nyota nne. Mdogo wangu anaanza kwake Jumatatu, ada nimeshatuma. Nimemwambia aende na daftari, na kila neno amwombe bibi amwandikie.