Tofali za kufungamana: nyota moja, na hiyo ni ya udongo

Bango la yadi ile, nje kidogo ya Dar es Salaam, linasema "rafiki wa mazingira". Rafiki gani anamomonyoka ukimsugua kwa kidole gumba? Nimeloweka tofali yao moja kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi kona zimebaki kwenye maji.

Udongo wao hauna kosa, tena ni mzuri, mwekundu wenye mchanga wa kutosha. Kosa ni maji. Tofali ya saruji na udongo ikitoka mashineni inataka kivuli, ifunikwe nailoni, imwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7, kisha ikae mpaka itimize siku 28. Saruji haikomai kwa kukauka. Ikikosa maji mapema, kazi yake inaishia hapo hapo. Hawa wanazianika juani na kuzipakia kwenye lori wiki haijaisha. Nilipomuuliza msimamizi zinamwagiliwa saa ngapi, akanijibu mbele ya vijana wake: "Mzee, hii tofali, siyo mchicha." Wakacheka.

Mfuko wa saruji wa kilo 50 unatoa tofali ngapi? "130," kwa majivuno kabisa. Tofali ya sentimita 30 kwa 15 kwa 10 ina kilo 8 na nusu hivi. Piga hesabu: saruji haifiki asilimia 5! Kwa udongo ule ningeishia 80. Kipimo cha kujua udongo unataka saruji kiasi gani ni kisanduku cha mbao cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4. Jaza udongo mbichi, uache ukauke, pima ulivyosinyaa. Chini ya milimita 15, weka ndoo 18 za udongo kwa 1 ya saruji. Ukifika 45 hadi 60, ndoo 12. Kisanduku hicho hawana.

Sisemi teknolojia ni mbovu. Haili kuni, na ukishaweka kozi (mstari) ya kwanza kwa pima maji, nyingine unapanga zikifungamana zenyewe, bila mota, yaani mchanga na saruji ya kuunganishia. Hata kwenye mzigo wangu, za chini ya lundo zilizobaki na unyevu ukizigonga zinalia. Hizo ningezipa nyota nne.

Lakini tofali ikivunjika inaondoka na saruji yake, na hewa ukaa nyingi inatoka kwenye kutengeneza saruji. Ukilazimika kupiga lipu ukuta mzima ili usiliwe na mvua, ukijani uko wapi? Hapana, nyota moja, na hata hiyo nasita.

Anayezihitaji awaite waje na mashine kiwanjani kwake, amwagilie mwenyewe. Saruji pia anunue mwenyewe, na mifuko mitupu aihesabu.