Nyaya za spika madukani Kampala: ipi inafaa stirio ya zamani?

Ukitafuta waya ya spika madukani Kampala, kuna aina tatu unazoweza kuondoka nazo. Ya kwanza ni ile ya plastiki angavu inayoonyesha rangi ya shaba ndani, imeandikwa 2 x 1.5 au 2 x 2.5, yaani njia mbili, kila moja ya milimita za mraba 1.5 au 2.5. Ya pili ni ile nyembamba ya nyekundu na nyeusi wanayotumia mafundi wa redio za magari. Ya tatu haiitwi waya ya spika kabisa: ni waya laini ya umeme yenye njia mbili, ya kahawia na ya bluu, na utaipata kwa wauza vifaa vya umeme wa nyumba. Kwa stirio ya miaka ya 1970 au 1980, iwe Pioneer, Sansui, Philips au Grundig, nunua hii ya tatu, saizi ya 1.5.

Ile angavu inapendeza macho, lakini mara nyingi ni alumini iliyovikwa ngozi ya shaba. Viwanda vingine huandika herufi CCA (Kiingereza: alumini iliyovikwa shaba) kwenye roli, vingine hunyamaza. Waya ya namna hiyo hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 63 hivi ya shaba tupu, kwa hiyo ile iliyoandikwa 2.5 inafanya kazi ya shaba ya 1.5. Si sumu, muziki utalia. Tatizo ni kwamba nyuzi zake hukatika upesi zikikunjwakunjwa, risasi ya kulehemu haishiki vizuri ngozi ya shaba ikishaondoka, na mahali ilipochubuka unyevu huanza kuila. Ikiuzwa wazi kama alumini na kwa bei ya alumini, hatuna ugomvi nayo. Kama CCA ya 2.5 haijashuka waziwazi chini ya bei ya shaba ya 1.5, iache hapo hapo kwenye kaunta.

Kuitambua hakuhitaji maabara. Omba kipande cha ncha, menya sentimita mbili, kisha kwangua uzi mmoja kwa kisu. Weupe ukitokea chini ya wekundu, ni alumini. Lakini usikwangue kwa pupa, kwa sababu kuna shaba iliyopakwa bati ambayo ni kinyume chake: nyeupe juu, nyekundu ndani, na hiyo ni nzuri sana. Njia ya pili ni kiberiti cha gesi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, shaba 1085. Uzi mwembamba wa alumini utajikunja na kudondoka, wa shaba utawaka wekundu na kubaki umesimama. Sumaku haikusaidii kwa alumini, ila ikiivuta waya, jua umeshika chuma kilichopakwa rangi ya kumdanganyia mteja.

Kisha hesabu nyuzi. Waya laini ya kweli ya 1.5 kwa kawaida ina nyuzi 30 zenye unene wa milimita 0.25 kila moja, ya 0.75 ina nyuzi 24 za milimita 0.2. Ukimenya "1.5" ukakuta nyuzi 16 nyembamba, plastiki ndiyo nene. Mwenye mizani dukani anaweza kukumalizia ubishi: mita 10 za 2 x 1.5 hubeba takriban gramu 270 za shaba peke yake, kabla ya kuhesabu plastiki. Roli ya mita 10 ikiwa gramu 200 na plastiki yake, hiyo si shaba kamili. Upande wa waya za umeme, alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, ni mwanzo mzuri, lakini kwangua hata hivyo.

Kwa nini 1.5? Kanuni ya mafundi ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya ule wa spika: omu 0.4 kwa spika ya omu 8, na 0.2 kwa ya omu 4. Spika ikiwa mita 6 kutoka kwenye ampu (kikuza sauti cha stirio), umeme unasafiri mita 12. Shaba ya 1.5 inakupa omu 0.14, unapita kwa raha. CCA ya 1.5 inakupa 0.22, tayari umevuka mpaka wa spika ya omu 4. Ile nyembamba ya magari, ikiwa ni 0.5, inafika 0.42 hata kama ni shaba tupu, na besi huanza kulegea. Ya 2.5 haina ubaya ila ni ngumu kuingia kwenye vibano vidogo vya springi vya ampu za zamani, na hapo watu hukata nyuzi kadhaa ili ipenye, wakirudi kule kule kwenye saizi ndogo. Usihangaike pia kulinganisha urefu wa kushoto na kulia hadi sentimita.

Kabla ya kufunga waya mpya, chomoa ampu ukutani na uangalie ya zamani ilikufaje. Shaba iliyogeuka kijani au nyeusi, hasa kwa nyumba za karibu na ziwa, ni kutu. Kata sentimita 10 na umenye tena. Kama bado ni kijani, iondoe yote. Vibano vya ampu navyo visafishe kwa spiriti safi ya mafundi wa simu na pamba, mara mbili au tatu, kwa sababu waya mpya kwenye kibano chenye kutu itakwaruza vile vile. Menya milimita 10 tu, sokota nyuzi ziwe kamba moja. Kwenye vibano vya skrubu usipake risasi ncha nzima: risasi hubonyea polepole chini ya skrubu na baada ya miezi kiungo kinalegea. Tumia vikofia vya kubana ncha, au shaba tupu iliyosokotwa.

Philips na Grundig nyingi zina plagi ya Kijerumani ya DIN, pini moja bapa na moja ya duara. Bapa ni hasi, duara ni chanya. Waya ya 1.5 ndiyo mwisho wa inachoweza kumeza, na plastiki ya plagi huyeyuka haraka. Chomeka plagi hiyo kwenye tundu bovu la DIN wakati unachoma risasi ili pini zisihame.

Kosa linaloua ampu ni uzi mmoja uliochomoza ukagusa jirani yake. Ampu nyingi za mwanzo wa miaka ya 1970 hazina ulinzi wa shoti, na transista za kutokea, zile zinazosukuma spika, huungua kabla hujafika kwenye swichi. Pima kwa mita ya omu upande wa ampu, waya ikiwa bado haijafungwa hapo: spika ya omu 8 husoma 6 hadi 7, ya omu 4 husoma 3 na kitu. Ikisoma sifuri kuna shoti. Isiposoma kitu kuna mkatiko. Ampu ya valvu, ile ya taa za kioo badala ya transista, ina hatari ya upande wa pili: usiiwashe bila spika, transfoma yake ya kutokea itaumia.

Ili kujua ncha ipi ni chanya, gusisha betri ya 1.5 V kwenye ncha za waya ya spika: wufa, ile spika kubwa ya besi, ikisukuma nje, chanya ya betri iko kwenye chanya ya spika. Fanya kwa sekunde moja, na usigusishe twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, peke yake. Baadhi ya JBL za zamani huenda kinyume, kwa hiyo cha maana ni spika zote mbili zielekee upande mmoja. Zikipishana, besi hupotea na sauti ya mwimbaji haina mahali.

Spika ambazo waya imetoka moja kwa moja ndani ya boksi zinataka kufunguliwa: ondoa wufa, unganisha ndani, piga fundo ili waya isivutike, na ziba tundu kwa silikoni. Boksi lililofungwa likivuja hewa, besi hubadilika.

Na kwa kuwa waya hii inafanana na ya pasi, bandika utepe wenye neno SPIKA kwenye ncha zote. Mtu akiifungia plagi ya ukutani, volti 240 zitaingia kwenye wufa ya miaka 50.